Seremala wa Mjimwema apewe njia tatu

Ukitaka kujua mji una umeme wa namna gani, usihesabu nyumba zenye taa. Nenda karakana ya seremala saa nne asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto, simama kando ya randa ya umeme utege sikio.

Mjimwema, hapa Songea, karakana za namna hiyo hazikosekani. Fundi analaza ubao wa mninga kwenye meza ya mashine, upana wake unakaribia futi moja, anausukuma kwenye visu. Inchi chache za mwanzo randa inakwenda vizuri. Ubao ukifika penye fundo, sauti inashuka na kuwa nzito, taa inafifia, na fundi analegeza mkono bila kuambiwa na mtu. Anasubiri mota ichanganye tena, anasukuma. Ubao uliostahili kupita mara mbili unapita mara tano, kila mara ukinyolewa unene wa ukucha. Ukiuinua ukautazama juani, utaona mawimbi pale visu vilipopungua mbio. Mawimbi hayo yatamalizwa kwa msasa na nguvu za mkono, na hakuna mteja atakayelipia saa hizo. Jirani naye ana lake: friji inakoroma kila randa inapowashwa, televisheni inazimika na kuwaka.

Watu husema umeme ni mdogo. Ukweli ni kwamba Songea ya leo haina umeme mdogo. Karakana ile imeunganishwa kwa njia moja, ile ya taa, pasi na friji, kisha ikabebeshwa kazi ya njia tatu. Maoni yangu ni haya: umeme wa njia tatu, yaani thrii fezi, kwenye mitaa ya mafundi ni miundombinu ya umma kama ilivyo barabara, na gharama ya kuufikisha isiachwe juu ya mabega ya fundi mmoja aliyetangulia kuomba. Mkoa umeshapata umeme kwa gharama kubwa. Kuuachia nguzo mbili tatu kabla ya mashine ni hasara ya kujitakia.

Tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi Songea iliendeshwa na majenereta ya dizeli. Mafuta yalipanda malori kutoka mbali, na jenereta likigoma mji ulizama gizani. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnesi wa Chipole walikamilisha mtambo wa maji wa Tulila kwenye Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, wakaanza kuiuzia TANESCO umeme. Mwaka 2018 gridi ya Taifa ikafika kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, mwendo wa kilomita 250 hivi, kwa fedha za Serikali yetu na za Sweden. Rais John Magufuli akaizindua Aprili 2019. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme gridini Februari 2024, baada ya miezi ya mgao ambayo hakuna mwenye mashine aliyeisahau. Na maji ya bwawa lile kwa sehemu ni yetu: Mto Luwegu, unaokusanya maji ya upande wa Namtumbo, ndio unaoungana na Kilombero kuwa Rufiji.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitazami. Umeme huo wote, kuanzia Rufiji, Tulila na kwingineko, huzalishwa kwa njia tatu na husafiri kwa njia tatu. Nyaya kubwa za kutoka Makambako zimepangwa tatu tatu. Za msongo wa kati zinazopita kando ya barabara zetu kuu ni tatu. Transfoma ya mtaa nayo kwa kawaida hutoa njia tatu. Mitambo ya gridi haizalishi njia moja. Njia moja huchomolewa kwenye tatu karibu kabisa na mlaji, kwa sababu nyumba ya kawaida haihitaji zaidi. Kwa hiyo seremala anayeomba njia tatu haombi kitu kigeni wala cha anasa. Anaomba asipunguziwe mwishoni kile kilichosafiri kamili tangu mtamboni. Toka nje utazame juu: nyaya nne nguzoni, mbali na ule wa taa za barabarani, ni fezi tatu na nyutro, maana yake njia tatu imeshafika mtaani kwako. Ukiona mbili tu, mtaa wako umekatiwa nyuma.

Kwa nini mashine inazihitaji zote tatu? Fikiria wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Wa kwanza akiinua mchi, wa pili anashusha, wa tatu yuko njiani. Kinu hakipati nafasi ya kupumzika. Atwangaye peke yake hukiacha kinu kimya kila anapoinua mkono. Umeme wetu hubadili mwelekeo wake kwa mizunguko 50 kila sekunde, na katika njia moja nguvu hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde. Taa haijali. Mota inajali. Tena mota ya njia moja haiwezi hata kuanza kuzunguka yenyewe. Husaidiwa na kapasita, kile kikopo kilichofungwa ubavuni mwake, na umeme ukilegea hicho ndicho hupasuka kwanza. Njia tatu, kila moja ikifuata nyingine kwa zamu, huzungusha mota bila msaidizi na kwa nguvu isiyopungua.

Dunia ilishakata shauri kuhusu jambo hili zaidi ya karne iliyopita. Mwaka 1891 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi wa kampuni ya AEG, akiwa na wenzake, alisafirisha umeme wa njia tatu kilomita 175 kutoka Lauffen hadi kwenye maonyesho ya Frankfurt, Ujerumani. Tangu hapo kiwanda kinachojiheshimu hakijarudi nyuma. Miaka 7 baadaye, mwaka 1898, Wabenediktini kutoka Ujerumani hiyohiyo walifika Peramiho, wakaanzisha misheni ambayo karakana zake, ya useremala ikiwemo, ziliwafundisha kazi vijana wa huku kizazi baada ya kizazi. Ufundi basi tunao siku nyingi. VETA nayo iko Songea na inaendelea kufundisha. Kijana anayemaliza mafunzo akiwa amezoea mashine za njia tatu, anarudi mtaani kufungua karakana, anakuta soketi ya ukutani.

Tuweke hesabu mezani. Chukua mota ya kilowati 5.5, yaani hosipawa 7.5, inayofaa randa kubwa au msumeno wa kupasulia mbao. Kwa njia moja ya volti 230 ingevuta ampea 35 hivi ikibeba mzigo kamili. Kwa njia tatu za volti 400, inavuta ampea 11 hivi kwenye kila waya. Mota inapowashwa huvuta mara 6 au zaidi ya kiwango chake cha kawaida kwa sekunde chache. Hapo njia moja inadaiwa ampea 200 na ushei, njia tatu inadaiwa 66, na ukitumia swichi ya kuwashia kwa hatua mbili unashusha hata hizo 66 hadi theluthi. Sasa tafakari waya mwembamba unaotoka nguzoni hadi kwenye karakana, uking'ang'anizwa kupitisha ampea 200. Ndiyo maana friji ya jirani inakoroma. Kwa waya uleule na kazi ileile, volti zinazopotea njiani, zikihesabiwa kwa asilimia, hupungua kwa njia tatu hadi kama sehemu moja ya sita.

Ndiyo maana pia mota za njia moja madukani hukomea kwenye hosipawa chache. Mashine imara za mbao, hasa zile zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya, zina kibao cha chuma ubavuni kilichoandikwa volti 380 au 400. Fundi wetu akishainunua Dar es Salaam na kuilipia lori hadi Songea, hana pa kuichomeka. Anaita fundi wa mota. Mota ya asili, nzito, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ile, inang'olewa na kuwekwa pembeni chini ya turubai. Pahala pake panafungwa mota ndogo ya njia moja, puli inabadilishwa, mkanda unakazwa. Mashine ya kiwanda imegeuzwa kuwa ya uani. Mota ile ya asili itakaa pale mpaka muuza vyuma chakavu aipitie.

Nisieleweke vibaya. Si kila seremala anahitaji njia tatu. Mwenye drili, msumeno wa mkono wa umeme, randa ya mkono na mashine moja ndogo ya hosipawa 2 au 3 ataishi vizuri kwa njia moja, na fedha zake zitamfaa zaidi akinunulia mbao zilizokauka. Mwenye mashine moja ndogo ya njia tatu anaweza pia kutumia kifaa cha kielektroniki kinachopokea njia moja na kutoa tatu. Lakini kifaa hicho hakizalishi umeme. Nguvu yote anayoitaka bado inapita kwenye waya uleule mmoja, na kwa mota kubwa tatizo linabaki palepale. Kipimo changu ni chepesi: siku unapohitaji mashine mbili kubwa zizunguke kwa wakati mmoja, au mota moja ikipita hosipawa 3, umeshavuka mpaka. Kuanzia hapo njia moja inakula faida yako.

Lipo pia neno linalozunguka vijiweni kwamba thrii fezi inakula luku. Halina ukweli. Mita hulipisha yuniti, na yuniti hutokana na kazi iliyofanyika. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi ya kawaida, kundi la T1, alilipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, na bei ilikuwa ileile kwa wa njia moja na wa njia tatu. Ndiyo hesabu iliyozoeleka ya yuniti 28 kwa shilingi 10,000. Mota ya kilowati 5.5 ikibeba mzigo kamili saa nzima hutumia yuniti 6.5 hivi, sawa na shilingi 2,300 kwa bei hiyo. Jenereta la petroli la kuendesha mota kama hiyo litakunywa lita tatu au zaidi katika saa hiyohiyo. Bei ya lita unaijua. Kinachoifanya karakana ya njia tatu inunue yuniti nyingi ni kwamba inafanya kazi nyingi. Ubao unaopita mara mbili badala ya tano hula umeme kidogo, na visu hukaa na makali muda mrefu zaidi.

Tatizo halisi liko kwenye kuunganishwa. Januari 2022 bei ya kuunganisha njia moja mjini, kwa mteja aliye ndani ya mita 30 za nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 baada ya kipindi cha shilingi 27,000. Njia tatu ina bei ya juu zaidi, na hiyo ni pale ambapo nguzo ipo karibu. Karakana ikiwa mbali, unaongeza nguzo, unaongeza nyaya mbili zilizokosekana tangu barabarani, na transfoma ya mtaa ikiwa imeelemewa, unaambiwa ibadilishwe kwanza. Makadirio yakitoka, fundi anakunja karatasi na kuiweka mfukoni. Aliyatarajia malaki, ameyaona mamilioni.

Hapo pana mtego ambao haujadiliwi. Anayeomba wa kwanza ndiye anayebeba gharama ya kuleta nyaya hadi mtaani. Zikishafika, nguzo ni mali ya shirika, na jirani yake mwenye karakana ataunganishwa kutoka hapo kwa bei ndogo. Kila fundi mwenye akili timamu basi anamsubiri mwenzake atangulie. Mwaka unapita, miwili inapita, wote wanasubiriana, na mtaa mzima unaendelea kuranda kwa kuvizia. Wala huo si uvivu wa mafundi. Ni utaratibu unaomwadhibu anayetangulia.

Wapo watakaosema TANESCO ni shirika la biashara, lisibebeshwe mizigo ya watu binafsi. Nakubali kwamba ni biashara, na ndiyo maana nasema lichangamkie. Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1 asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, aliuziwa yuniti kwa shilingi 100 katika bei zilezile za 2016. Ni bei ya huruma, na sina ugomvi nayo. Lakini seremala ananunua karibu mara tatu ya bei hiyo. Isitoshe, mzigo mkubwa wa gridi huja usiku kati ya saa moja na saa nne, watu wakirudi nyumbani. Seremala anafanya kazi mchana, mitambo ikiwa na nafasi. Biashara gani inamwacha mlangoni mteja anayenunua kwa bei nzuri, kwa wingi, tena saa ambazo duka ni tupu? Nguzo chache kwenye mtaa wa mafundi zinarudisha fedha zake zaidi kuliko nguzo nyingi tunazozisimamisha kwa sifa.

Na hasara ya kutofanya hivyo inaonekana barabarani. Mkoa wa Ruvuma una mbao. Misitu ya miombo ya Namtumbo na Tunduru ina mninga na mkongo, na Wino kuna shamba la Serikali la miti ya kupandwa. Simama barabara ya kwenda Njombe utayaona malori yakipanda na mbao zilizopasuliwa tu, hazijarandwa wala kukaushwa sawasawa. Faida kubwa ya mti haiko kwenye kupasua. Iko kwenye kuranda, kuunga, kutoboa matundu ya ndimi na kumalizia, na kazi hizo ndizo zinazotaka mashine. Tunauza ubao, kisha tunanunua mlango. Shule ikihitaji madawati 300 kwa mwezi mmoja, fundi wa Mjimwema anazijua mbao zake, anaujua mchoro, ana vijana, lakini hawezi kuahidi tarehe. Anayeahidi tarehe ni yule wa Keko, Dar es Salaam, mwenye mashine zinazozunguka tatu kwa mpigo.

Nini kifanyike? Kwanza, Halmashauri ya Manispaa ya Songea ihesabu karakana zake, ijue ziko mitaa gani na zina mashine gani, kisha itenge maeneo ya kudumu ya mafundi na kuyaweka kwenye mpango wa kupelekewa njia tatu. Leo seremala yuko katikati ya makazi, anagombana na majirani kwa kelele na vumbi, hana hakika kama mwakani atakuwa hapo. Nani atamwaga mamilioni kwenye nguzo za mahali asipojua atakaa mpaka lini? SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, imezoea kazi ya mitaa ya viwanda vidogo mikoani. Isikilizwe.

Pili, TANESCO ipokee maombi ya mafundi wa mtaa mmoja kama ombi moja: upimaji mmoja, makadirio mamoja, gharama igawanywe kwa idadi ya watakaounganishwa. Atakayejiunga baadaye achangie sehemu yake na wa mwanzo warudishiwe. Na kwa mteja wa uzalishaji, gharama ilipwe kidogo kidogo kupitia ununuzi wa luku, kama madeni mengine yanavyokatwa humo humo.

Tatu, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa, isiishie kununua mashine. Nimeona mashine mpya zikiwa zimefunikwa magunia kwa sababu aliyekopesha hakuuliza zitachomekwa wapi. Mkopo wa mashine ya njia tatu uwe pamoja na mkopo wa njia tatu yenyewe. Vinginevyo tunakopesha chuma.

Nne, mafundi wenyewe wakubali kushirikiana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watano wakiweka randa moja kubwa, msumeno mmoja wa kupasulia na mashine moja ya kutoboa matundu mahali pamoja, penye njia tatu, kila mmoja akabaki na duka lake na wateja wake, gharama iliyomshinda mmoja inawezekana kwa watano. Najua ubia unatisha, na najua visa vya mweka hazina aliyepotea. Lakini hapa anayehesabu ni mita. Kila mtu akifungiwa mita ndogo ya ndani, au akiandikisha saa zake daftarini, ugomvi unapungua.

Yapo pia ya ndani ya karakana ambayo hakuna wa kumfanyia fundi. Njia tatu inasamehe machache kuliko njia moja. Kazi ya kutandaza nyaya apewe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA ya daraja linaloruhusu njia tatu. Leseni hizo zina madaraja, na aliyezoea nyumba za vyumba vitatu si lazima awe anaruhusiwa. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hajakuonyesha bei. Maombi yenyewe siku hizi hupitia mfumo wa TANESCO uitwao NIKONEKT, na bila mkandarasi anayetambulika hayafiki mbali.

Kisha mdai vitu vitatu ambavyo watu hupenda kuviruka ili kupunguza gharama. Kimoja ni kinga ya fezi kukatika. Fyuzi moja ya transfoma ikiungua, mota ya njia tatu inabaki na njia mbili. Inanguruma, inapata moto, na baada ya dakika chache imeungua. Kifaa kidogo kinachoizima mara fezi moja inapopotea hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha za kusuka mota upya. Cha pili ni swichi isiyojirudisha. Umeme wetu hukatika na kurudi bila hodi. Randa ikiwa imeachwa kwenye swichi ya kawaida, umeme ukirudi inaanza kuzunguka wakati kijana anatoa takataka kwenye visu kwa vidole. Swichi ya kontakta humlazimu mtu abonyeze upya, na kitufe chekundu cha kuzimia kinatakiwa kuwa mahali ambapo goti au kiwiko kinafika. Cha tatu ni ethi iliyopimwa, isiwe msumari uliochomekwa kwenye udongo mkavu wa Septemba.

Kuna jambo moja dogo zaidi ambalo limewashangaza wengi. Nyaya mbili kati ya tatu zikibadilishana nafasi, mota ya njia tatu inazunguka kinyume. Mafundi wa umeme wakifanya kazi nguzoni na kurudisha nyaya bila kuangalia mpangilio, kesho yake msumeno unaweza kuzunguka kinyumenyume na kumrushia ubao anayeusukuma. Kwa hiyo kila baada ya kazi yoyote ya laini, washa mashine nusu sekunde, izime, uangalie inazungukia wapi kabla hujaigusisha mti. Chora mshale wa rangi nyekundu kwenye kava ya kila mota. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamhusu mwenye karakana ya watu watatu kama inavyomhusu mwenye kiwanda, na vidole havioti tena.

Mwisho, mizigo ya njia moja ndani ya karakana, taa, chaja na friji ya soda, igawanywe sawasawa kwenye fezi zote tatu. Ukiilundika yote kwenye moja umerudi ulikotoka. Na chumba cha swichi kubwa kisiwe ghala la makapi ya randa. Vumbi la mbao na cheche ya swichi vikikutana, zimamoto watakuta majivu.

Serikali imefanya sehemu iliyo ngumu. Imejenga mabwawa, imevusha nyaya milimani, imezima majenereta. Sehemu iliyobaki ni fupi, ni ya mita mia kadhaa katika kila mtaa, na haihitaji mfadhili kutoka nje. Inahitaji Manispaa itenge eneo, TANESCO ikubali kupiga hesabu ya kundi, na mafundi waache kusubiriana.

Kwa mafundi wa Mjimwema, na wenzenu wa Bombambili, Lizaboni na Mfaranyaki, nina ombi moja. Kabla mwezi huu haujaisha, kaeni pamoja. Andikeni kila mota mliyo nayo, hosipawa zake, na ile mliyoing'oa iliyo chini ya turubai. Jumlisheni, mpeleke karatasi hiyo kwa diwani na kwa TANESCO mkiwa watu kumi, msiende mmoja mmoja. Mkijibiwa kwamba gharama ni kubwa, ulizeni kwa maandishi mkoa unapata hasara kiasi gani kila lori la mbao ghafi linapoondoka.